Nani Alimwona Askari Akila

Siku mliyoniaga pale mahakamani Kwale kwa chai na mahamri, wenzangu, mmoja wenu alisimama akaniomba niandike machache juu ya kazi ya ukalimani, ili wanaoanza wasianze gizani. Niliitikia kwa kuwa nilikuwa na mdomo umejaa. Sasa nimekaa na kalamu, na ahadi ni ahadi.

Vyeo sitavitaja. Nilipanda vichache, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kitu. Nitaandika zaidi juu ya kosa moja tu katika kitabu cha sheria ya jinai, lile la kumshambulia askari polisi akiwa katika kutekeleza wajibu wake. Shitaka hilo nimelisoma kwa sauti mbele ya watu hadi likawa linanijia hata nikiwa ninatawadha. Na limeniachia uchungu ambao kustaafu hakukuuondoa.

Niliingia kazini miaka ya mwisho ya Mwingereza. Aliyenipokea ni Mzee Rashidi, mkalimani mkuu, mtu wa kanzu na koti jeusi, na viatu vilivyong'arishwa hata msimu wa matope. Asubuhi ya kwanza hakunipa karatasi wala kitabu. Alinishika mabega akaniweka baina ya kizimba na meza ya hakimu, akanigeuza kidogo upande, kama mtu anayepanga kabati.

"Simama hapa," alisema. "Ukisogea kule, mshitakiwa atadhani wewe ni wa serikali. Ukisogea huku, hakimu atadhani wewe ni wa mshitakiwa."

"Na nikisimama hapa hapa, mzee?"

"Hapo watakuchukia wote wawili. Ndiyo kazi yenyewe."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: msahafu, Biblia, glasi ya maji, na kipande cha tangawizi mfukoni kwa ajili ya koo. Lakini kifaa kikubwa alichonipa Mzee Rashidi hakishikiki. Alinifundisha kubeba kimya. Shahidi akinyamaza kabla ya kujibu, alisema, nawe nyamaza kadiri ile ile kabla ya kutafsiri, ndipo hakimu ajue kwamba hapo palikuwa na kimya. Wakalimani wengi huziba pengo kwa kukohoa, au kwa kurudia swali. Msifanye hivyo. Kimya cha mtu ni chake, nanyi hamkuajiriwa kukijaza.

Sasa niwaeleze sheria yenyewe, maana nimeona hata makarani wa siku hizi wanaisoma bila kuifikiri. Ukimpiga kofi jirani yako, likawa kofi la kawaida lisiloacha jeraha, kifungo chake hakizidi mwaka. Ukimpiga kofi hilo hilo askari polisi aliye kazini, kifungo chaweza kufika miaka mitano. Kofi ni moja, shavu ni la binadamu yule yule. Tofauti yote imekaa katika maneno machache yale, "akiwa katika kutekeleza wajibu wake". Ondoa maneno hayo, na askari ni mtu kama muuza samaki. Kwa hiyo kila kesi ya namna hii ina swali moja la kuulizwa kabla ya mengine yote: je, wakati ule alikuwa kazini kweli?

Wala msidhani ninaipinga sheria yenyewe. Niliona kesi ya mpaka wa mashamba, kule bara ya wilaya yetu, ambako watu waliokuja na watu waliokuwepo walikuwa wakigombea mstari wa miti ya mikorosho. Koplo mmoja alijitia baina ya panga mbili ili zisikutane. Zilikutana juu ya mkono wake. Alikuja mahakamani na vidole viwili vimebaki kwenye mkono wa kulia, na alipotakiwa kushika Biblia aliishika kwa kushoto, akaomba radhi. Mtu anayetumwa kuingia mahali ambapo wengine wote wanakimbia anastahili kuwa na sheria nyuma ya mgongo wake. Nililitafsiri shitaka lile kwa moyo mweupe.

Uhuru ulipokuja watu walidhani shitaka hilo litapanda meli pamoja na wenyewe. Nakumbuka mgema mmoja wa Tiwi aliyemsukuma askari aliyekuja kumwaga tembo lake. Alipandishwa kizimbani wakati karatasi za rangi za sherehe bado zinaning'inia barazani pale.

"Bwana karani," aliniuliza nilipomsomea, "hiyo si ilikuwa ya Wazungu?"

"Ilikuwa yao."

"Sasa wamekwenda wameisahau hapa?"

Watu walicheka. Hakimu mpya, kijana wa bara aliyesoma ng'ambo, hakucheka. Alimpa miezi kadhaa, akamwambia kwamba serikali sasa ni ya mgema mwenyewe, na mtu hasukumi serikali yake. Mgema alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuziwa kitu alichokuwa nacho tayari. Mzee Rashidi, aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, alikichukua kitabu cha sheria mezani, akakigeuza nyuma na mbele, akakirudisha. "Jalada jipya zuri," alisema.

Sasa nifike kwa Mwanatumu.

Mwanatumu alikuwa mama wa makamo kule Milalani, karibu na Msambweni, msusi wa makuti, mjane, aliyekuwa akimtunza mama yake aliyepofuka. Ukoo wake na ukoo wa mama yangu walikuwa watani. Kwa wale waliokuja huku juzi, nieleze. Baina ya koo fulani za Wadigo kuna utani wa tangu mababu, na mahali pake hasa ni msibani. Siku ya hitima, watu wakishamsomea marehemu na kula, mtani huingia katikati ya waliofiwa akawafanyia vituko. Atakupokonya kofia, atakupaka unga, atakupiga kisogoni, atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukicheka, ndiyo amekufungulia mlango wa kutoka katika majonzi. Mwanatumu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mjomba wangu alipofariki alinipaka unga wa muhogo hadi kwenye nyusi, nami nilicheka hadi nikalia, na kile kilio ndicho nilichokuwa nimekikosa tangu mazishi.

Sharti la utani ni moja: mtani hamgusi mpita njia. Humgusa wa ukoo, au aliyekaa mkekani na waliofiwa akala nao sinia moja. Aliyekula amekuwa wao.

Basi alifiwa Mzee Bakari wa Milalani, ndugu wa ukoo wa mama yangu, aliyezika mwanawe mkubwa. Siku ya hitima alifika pale konstebo mmoja wa kituo cha polisi, jina lake Joramu, kijana wa kutoka bara. Alikuwa ametumwa kumpa samansi ya kuitwa mahakamani jirani wa Mzee Bakari. Alimpata papo hapo msibani, akampa karatasi, kazi yake ikaisha. Mzee Bakari akamwambia apumzike, jua lilikuwa kali. Joramu akavua viatu, akanawa mikono, akakaa mkekani.

Si kwamba watu wa pale hawakumpenda. Alikuwa amejifunza kusema "shikamoo" kama inavyostahili, si ile ya kurusha kwa mbali, na watoto walikuwa wakimfuata barabarani.

Baada ya masinia kuondolewa, Mwanatumu akaingia. Aliwapitia wa ukoo mmoja mmoja, kisha akamfikia Joramu. Alimvua kofia ya polisi, akaivaa juu ya ushungi, akaanza kupiga doria mbele ya waliofiwa. "Wewe, mbona umefiwa bila kibali? Na wewe, hilo chozi umelipia leseni?" Mama wa marehemu, aliyekuwa hajafumbua kinywa tangu mazishi, akacheka. Joramu naye akacheka. Mwanatumu akampaka unga usoni, akampiga kisogoni, akashika kola ya shati kumwinua acheze, na kifungo kimoja kikakatika. Joramu aliinuka, akacheza kidogo, akapewa kofia yake, akaaga.

Ingeishia hapo. Lakini alirudi kituoni na unga masikioni na shati halina kifungo, na mkuu wa zamu alikuwa mlangoni. Wenzake wakacheka, na kicheko chao hakikuwa cha msibani. Mkuu wa zamu akauliza nani amemgusa askari wa serikali. Joramu, badala ya kusema alikuwa mgeni pale, akasema alikuwa kwenye samansi. Labda aliogopa kuulizwa kwa nini alikaa. Jioni ile Mwanatumu alichukuliwa akiwa anasuka makuti, na mama yake akabaki kwenye ukumbi akiuliza mbona sauti ya makuti imekoma.

Siku ya kesi nilimkuta Mzee Rashidi kwenye baraza ya mahakama. Alikwishastaafu, amekuja na kanzu yake ile ile, kwa kuwa habari ilimfikia. Mzee Bakari alikuwa ameketi kando yake pamoja na binti yake, Riziki. Mimi nilikuwa napanga mashahidi kwa zamu, kwa hiyo nilisimama karibu, na maneno yao niliyasikia yote.

"Bakari," alisema Mzee Rashidi, "kesi hii ina swali moja tu. Kama yule kijana alikula kwako, alikuwa mgeni wako, hakuwa kazini. Basi Mwanatumu amempiga mtani, hakumpiga askari. Utaulizwa kama alikula. Sema alikula."

Mzee Bakari alitazama ncha ya bakora yake. "Rashidi, wanijua."

"Nakujua, ndiyo maana nimetoka Matuga na magoti haya."

"Nikasimame mbele ya watu, nimtaje mgeni kwa wali wa msiba wa mwanangu? Nimsimange?"

"Si masimango. Ni ushahidi."

"Wewe waita ushahidi kwa kuwa umekaa na hakimu miaka mingi. Mimi nimekaa na watu. Mtu amekuja kwangu siku ile, amekula, amecheka na mke wangu aliyekuwa haongei. Leo nimwambie usoni, wewe ulikula changu?"

"Baba," Riziki alisema kwa sauti ndogo, "Bi Mwanatumu atafungwa."

"Nitasema yote mengine. Nitasema alivua viatu. Nitasema alinawa. Hakimu ni mtu aliyesoma, hilo lililobaki ataliona mwenyewe."

Mzee Rashidi alinitazama mimi, kisha akatazama pembeni. Alijua kwamba siruhusiwi kutia neno.

Wanaotoka bara wataona jambo hili ni upuuzi. Niwaombe subira. Huku kwetu mtu anaweza kukusamehe ukimtukana mzazi wake ukiwa na hasira. Lakini ukimkumbusha chakula alichokula kwako, hata mara moja, hata kwa haki, umemvua nguo, na wewe uliyesema umejivua mbele yake. Kuna ndugu Gazi na Kinondo hawajasalimiana tangu babu zao, na chanzo ni sahani iliyotajwa. Mzee Bakari alikuwa mtu mwema akifanya alilofundishwa na watu wema. Hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa mbaya ningelala.

Joramu alitoa ushahidi kwanza. Mwendesha mashtaka alimwongoza vizuri: samansi, kofia, kofi, kifungo cha shati. Mwanatumu hakuwa na wakili. Aliambiwa anaweza kumuuliza shahidi maswali. Alimtazama kijana yule muda, nami nikabeba kimya chake kama nilivyofundishwa.

"Mwanangu," alisema, "siku ile wewe ulicheka au hukucheka?"

"Nilicheka," alisema Joramu.

"Basi mimi sina la kuuliza."

Hakimu alikuwa makini, namshuhudia hilo. Alishika kalamu akamuuliza Joramu yeye mwenyewe: "Baada ya kutoa samansi ulikaa hapo kwa nini? Ulikula?"

Joramu aligeuka akamtazama Mzee Bakari aliyekuwa akingoja mlangoni, kwa kuwa siku hizo mlango ulikuwa ukiachwa wazi kwa ajili ya upepo. Na Mzee Bakari, wallahi niliona kwa macho yangu, akainamisha kichwa. Aliinamisha ili mgeni wake asione haya.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Joramu. "Nilikuwa kazini. Nilikuwa naangalia usalama."

Zamu ya Mzee Bakari ilifika. Aliapa kwa msahafu. Alieleza kila kitu kwa utaratibu, kama alivyoahidi: kijana alikuja, akatoa salamu, akampa jirani karatasi, akakaribishwa, akavua viatu, akanawa mikono, akakaa mkekani baina ya fulani na fulani.

"Alinawa mikono," alisema hakimu. "Kisha akala?"

Kimya.

Nilinyamaza nami. Nje kulikuwa na mtu anafagia majani ya mwembe, na ule ufagio ulisikika mpaka ndani.

"Karani, mbona hutafsiri?"

"Mheshimiwa, bado hajasema."

"Mwambie ajibu."

Nilimwambia. Mzee Bakari alisema, "Bwana hakimu, nyumbani kwangu hatumtazami mgeni mkononi."

Nililibeba neno hilo lilivyo, kwa Kiingereza safi. Kila Mdigo mle ndani alikuwa amesikia "ndiyo, alikula". Hakimu alisikia kwamba mzee hakutazama. Aliandika, nami nilikuwa karibu naye kiasi cha kusoma: shahidi hakuona.

"Mheshimiwa," nilisema, "naomba ruhusa nieleze desturi kidogo. Huyu mzee hawezi..."

"Karani, umeapa kuwa shahidi katika kesi hii?"

"La, Mheshimiwa."

"Basi tafsiri."

Hakukosea. Nisingetaka mkalimani anayejitia ushahidi katika mahakama yangu, kama ningekuwa hakimu. Nimelirudia jambo hili miaka yote hii, na kila mara nafika pale pale: kila mtu mle ndani, isipokuwa mmoja, alifanya anavyopaswa kufanya. Walioitwa baada ya Mzee Bakari walikuwa watu wa sinia ile ile, wa ukoo ule ule. Wa kwanza alisema alikuwa akimtazama imamu. Wa pili alisema macho yake hayaoni vizuri, na alikuwa mwindaji.

Hakimu alisoma hukumu. Alisema sheria inamruhusu kutoa miaka mitano, lakini kwa kuwa mshitakiwa ni mwanamke na askari hakuumia, atakuwa na huruma. Alisema serikali ni changa, na kofia ya polisi ni kichwa cha serikali, na mtu akiichezea leo kesho atachezea yaliyo chini yake. Mwaka mmoja.

Nilimgeukia Mwanatumu. Kumwambia ilikuwa kazi yangu, na mtani wangu alikuwa amesimama mbele yangu akiningoja kwa adabu, kama mtu anayengoja kuchotewa maji.

"Mwaka mmoja, Bi Mwanatumu."

Alifikiri. "Muulize, mwaka wa Kizungu au wa Kiislamu? Wa Kiislamu ni mfupi."

Watu walicheka, hata Mzee Bakari alicheka huku machozi yanamtoka. Hakimu aligonga meza, akataka kujua amesema nini. Nilimtafsiria. Hakuongeza adhabu, lakini alimtazama kama mtu aliyethibitisha kwamba aliamua sawa.

Joramu alihamishwa kwenda kituo kingine muda si mrefu baadaye, kwa kuomba mwenyewe, nilivyosikia. Kabla ya kuondoka alikwenda Milalani na kilo za sukari, akamwamkia Mzee Bakari kwa magoti. Mzee alimkaribisha mkekani, akaamuru kuletwe chakula. Hakuna aliyetaja mahakama. Riziki aliniambia kijana alikula hadi akashiba, na baba yake alikuwa akimwongezea mchuzi. Sijui niwaambie nini juu ya hilo. Kama ni wema, ni wema uliokosea nyumba.

Maana nyumba iliyostahili wema huo ilikuwa imefungwa. Mama yake Mwanatumu hakuusubiri mwaka, wa Kizungu wala wa Kiislamu. Alifariki binti akiwa gerezani. Watani walikuja hitimani kama ada, wakakaa, wakaangaliana. Yupo askari aliyepita barabarani siku ile kwa shughuli zake tu, na watu wote wakashika vichwa vyao kwa mikono miwili, kana kwamba kofia zao ndizo zitakazokamatwa.

Nilijifunza mambo ya kazi kutokana na kesi ile, na ndiyo niliyokuja kuwapa nyie mnaoanza. Mkiona shitaka la askari, na mshitakiwa hana wakili, mkumbusheni hakimu mapema, kabla mashahidi hawajaapa, kwamba mashahidi wa huku wana mambo wasiyoweza kusema wakiulizwa uso kwa uso. Mapema mtasikilizwa, kwa kuwa hapo ni taarifa. Katikati ya kesi ni ushahidi, nanyi mtanyamazishwa kama mimi. Na mwendesha mashtaka au wakili akiwauliza nani aitwe, msimtaje mwenye nyumba. Mtajeni aliyepika akiwa si wa ukoo, au aliyekuja kukodisha sufuria. Huyo hakutoa chakula, basi hamsimangi mtu. Nimeyafanya haya baadaye, na watu wamerudi kwao. Mnaweza nanyi, na mtaweza vizuri kuliko mimi, kwa sababu mmesoma na hamna woga tuliokuwa nao.

Lakini sitaki mdhani kwamba mambo yalitengenea, kwa hiyo nimalizie kwa lililonipata mimi.

Mwanatumu alirudi. Alikuwa amekonda, akasuka makuti kama zamani, akasalimia kila mtu. Misiba ikaja ikapita, naye akawa anakuja, anakaa na wanawake, anasoma, anakula, anaondoka. Hakumgusa mtu. Waliokuwa wadogo walikua wakidhani msibani watu hukaa tu.

Kisha mama yangu mzazi akafariki. Siku ya hitima nilivaa kofia yangu ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, ile nzuri ya harusi, makusudi. Nilikaa mwisho wa mkeka ambako hata mtoto angeweza kuinyakua. Sinia letu lilikuwa la Mzee Bakari na mimi na binamu zangu. Tulikula. Nilikuwa sijalia tangu mazishi. Masinia yalipoondolewa nilimwona Mwanatumu anasimama upande wa wanawake, anajifunga leso kiunoni kama alivyokuwa akijifunga zamani, na moyo wangu ukafunguka kama wa mtoto.

Alikuja hadi mbele yangu. Alinyoosha mkono juu ya kofia, akausimamisha hapo hapo hewani.

"Karani," alisema, "umekula?"

"Nimekula, mtani wangu."

"Nani alikuona?"

Sauti yake haikuwa ya mzaha wala ya ugomvi. Alikuwa anauliza kama hakimu alivyouliza, kwa sababu anataka kujua. Niligeuka. Binamu zangu walikuwa wanatazama mkeka. Mzee Bakari, aliyekuwa amechota mchuzi ule ule niliochota, alifungua kinywa. Niliona midomo yake inatafuta neno. Kisha alitazama mikono yake mwenyewe, bado imelowa maji ya kunawia, akaikausha kwenye shuka, taratibu, kidole kwa kidole.

Mwanatumu alingoja kwa heshima. Alikibeba kimya kile chote, hakukiziba kwa kitu. Halafu akateremsha mkono, akafungua leso kiunoni, akarudi kukaa na wanawake.

Watu walipokwisha kutawanyika niliingia ndani, nikavua kofia yangu mwenyewe, nikaitundika msumarini.